Joram Mariga, bwana shamba aliyefundisha watu kuchonga mawe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yafuatayo hujirudia kila jina la Mariga linapotajwa, awe anayeuliza ni mwanafunzi wa sanaa mwenye insha ya kuandika, mtu aliyenunua sanamu Harare na sasa anataka kujua asili yake, au mpita njia aliyeliona jina hilo kwenye maonyesho. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina mabishano. Mengine yanatosha kwa sentensi mbili tatu.

Joram Mariga alikuwa nani?

Alikuwa mchongaji wa mawe na mwalimu wa wachongaji, mzaliwa wa eneo la Chinhoyi, kaskazini magharibi mwa Harare. Alizaliwa mwaka 1927, nchi ikiitwa bado Rhodesia ya Kusini, akafariki mwaka 2000, miaka 20 baada ya uhuru wa Zimbabwe. Kazi iliyompa mshahara ilikuwa ya kilimo: alikuwa bwana shamba wa serikali katika milima ya Nyanga, mashariki mwa nchi, si mbali na mpaka wa Msumbiji. Kuchonga alichonga kwa muda wake mwenyewe, na ni katika muda huohuo ndipo alipokusanya vijana na kuwafundisha.

Wengi humwita baba wa uchongaji wa mawe wa Zimbabwe. Cheo hicho kina mjadala wake, tutaufikia. Ila ningetakiwa kumweleza Mariga kwa mtu asiyemjua, nisingeanza na sanamu zake. Ningeanza na watu waliopitia mikononi mwake.

Uchongaji alijifunzia wapi?

Nyumbani. Baba yake na kaka zake walichonga mbao, mama yake alikuwa mfinyanzi. Mtoto aliyekulia kati ya tezo na udongo wa vyungu hashangai kuona kitu kisicho na umbo kikipata umbo.

Chuo cha sanaa hakukipitia, na hata angetaka, milango ilikuwa michache. Kwa Mwafrika wa Rhodesia ya Kusini wakati ule, mafunzo ya sanaa yalipatikana zaidi kwenye misheni. Kulikuwa na Cyrene, karibu na Bulawayo, chini ya kasisi Edward Paterson. Kulikuwa na Serima, upande wa Masvingo, iliyoanzishwa mwaka 1948 na padri wa Kiswisi, John Groeber. Shule hizo zilitoa watu wazito. Nicholas Mukomberanwa, kwa mfano, alisoma Serima, akawa askari polisi Salisbury (Harare ya leo), kisha akaacha upolisi na kuwa mmoja wa wachongaji wanaoheshimiwa zaidi katika bara hili. Mariga hakutoka kwenye njia hiyo, na nadhani ndiyo maana hata alipokuwa mwalimu hakuwahi kufundisha kama shule inavyofundisha.

Alihama vipi kutoka mbao kwenda kwenye mawe?

Barabara ndiyo iliyomletea jiwe. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika kazi ya kuchimba barabara huko Nyanga, lilifukuliwa jiwe laini la rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu. Mariga alilijaribu kwa kisu, nalo likakatika.

Lilikuwa jiwe la sabuni, la jamii ileile wanayochonga mafundi wa Tabaka, Kisii, nchini Kenya. Ndani yake kuna talki nyingi, na talki ndiyo madini laini kuliko yote kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs. Hata ukucha huikwaruza. Mtu aliyezoea mbao hahitaji zana mpya ili aanze. Anachopaswa kusahau ni nyuzi. Mbao ina mwelekeo wake, ukienda kinyume inachanika. Jiwe la sabuni linakuacha ukate upande wowote, lakini ukilipiga kwa pupa linavunjika bila onyo.

Vitu vyake vya mwanzo vilikuwa vidogo na vya matumizi: chombo cha maziwa, bakuli, kisahani cha majivu ya sigara. Umbo la mtu na la mnyama lilifuata baadaye. Nalitaja hili kwa sababu vitabu vya picha huonyesha sanamu kubwa zilizong'arishwa, na msomaji akadhani mambo yalianzia hapo.

Frank McEwen aliingiaje katika maisha yake?

Kupitia kwa Pat Pearce, msanii wa kizungu aliyeishi Nyanga. Yeye aliziona kazi za Mariga na kumkutanisha na McEwen mwanzoni mwa miaka ya 1960.

McEwen (1907–1994) alikuwa Mwingereza aliyeishi Paris kwa miaka mingi na kufahamiana na wasanii kina Picasso, Matisse na Brancusi. Ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa Rhodes National Gallery ya Salisbury, jiji linaloitwa Harare tangu mwaka 1982. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1957. Walowezi walitarajia mtu wa kuwaonyesha michoro ya Ulaya. Badala yake akaanza kuwapa rangi walinzi wa jumba lenyewe, akiwemo Thomas Mukarobgwa, akiamini kwamba sanaa mpya ya nchi ile itatoka kwa Waafrika na kwamba mafunzo ya kizungu yangeiharibu. Hapo ndipo ilipokua karakana iliyojulikana kama Workshop School. Mawe yalipoingia, uchoraji ukasukumwa kando.

Alichompa Mariga na wenzake si ufundi. Aliwapa mahali pa kuuzia na macho ya dunia: maonyesho London mwaka 1963 katika Commonwealth Institute, kisha Musée Rodin ya Paris mwaka 1971, kisha London tena mwaka 1972 katika Institute of Contemporary Arts. Mwaka 1969, yeye na Mary McFadden, mke wake wakati huo, walianzisha makazi ya wachongaji Vukutu, hukohuko milima ya Nyanga. Alikuwa mkali sana dhidi ya vinyago vya kuuziwa watalii uwanja wa ndege, na ukali huo ulikuwa na pande mbili. Ulilinda ubora. Pia ulimaanisha mtu mmoja ndiye anayeamua kipi ni sanaa na kipi si sanaa, kwa mafundi waliokuwa na familia za kulisha. McEwen aliacha kazi mwaka 1973, akizongwa na utawala wa walowezi ambao hakupatana nao.

Basi nani hasa ni baba wa uchongaji huu, Mariga au McEwen?

Kwa miaka mingi hadithi ilisimuliwa namna hii: bwana mmoja alikuja kutoka Paris akakuta vipaji vimelala, akaviamsha. Inapendeza kusikiliza, ila haisimami. Mariga alikuwa ameshachonga jiwe kabla McEwen hajamjua. Aliyelala hachongi bakuli.

Hata hivyo, wanaoligeuza jambo na kusema Mariga alianzisha kila kitu peke yake nao wanakata kona. Cyrene kulikuwa na wanafunzi waliojaribu kuchonga mawe kabla yake. Nyangani kwenyewe, katika miaka ileile, alikuwepo Claud Nyanhongo, naye akichonga, na watoto wake wamekuja kuwa wachongaji wenye majina. Serima ilikuwa ikilea mikono iliyoanza na mbao ikamalizia na mawe. Kitu kama hiki hakina mzazi mmoja.

Ukiniuliza mimi, cheo ni cha Mariga, ila si kwa sababu ya kutangulia. Ni kwa sababu ukifuata nani alifundishwa na nani, nyuzi nyingi sana zinarudi kwake. McEwen alifungua mlango wa kutokea. Waliotoka kupitia mlango huo, wengi walikuwa wameshaonyeshwa kazi na mtu mwingine, jioni, baada ya saa za kilimo.

Alifundisha kwa njia gani?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na ndilo linaloulizwa kwa nadra kuliko yanavyoulizwa mengine.

Anza na ajira yake. Kazi ya bwana shamba Rhodesia ilikuwa imejengwa juu ya shamba la mfano, mfumo ulioanzishwa miaka ya 1920 na Mmarekani Emory Alvord. Humhutubii mkulima. Unachukua kipande cha ardhi kijijini kwake, unakilima kwa namna mpya, na majirani wanaona wenyewe mavuno. Anayetaka anaiga, asiyetaka anapita. Huo ulikuwa upande mzuri wa kazi. Upande mbaya ulikuja na sheria ya mwaka 1951 ya matumizi ya ardhi ya Waafrika, iliyowalazimisha watu kupunguza mifugo na kukubali kugawiwa viwanja. Mabwana shamba ndio waliokuwa sura ya serikali vijijini, na vijiji vingi havikuwapenda. Kwa hiyo kijana wa Nyanga aliyekwenda kwa Mariga kuchonga hakwenda kwa sababu mtumishi wa serikali amemwita. Alikwenda kwa kuwa ameona kitu.

Naamini alihamisha shamba la mfano akalileta kwenye jiwe. Alichonga mbele za watu. Aliyekaa karibu alipewa kipande cha jiwe laini ajaribu. Jiwe la sabuni lilikuwa darasa la kwanza kwa sababu linasamehe: mkono unajifunza nguvu ya pigo na pembe ya kisu bila kulipia gharama kubwa. Baadaye Mariga mwenyewe aliliacha jiwe laini na kupanda kwenda kwenye mawe magumu, na wanafunzi wake wakapanda naye. Hatua hiyo ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Jiwe laini linakuruhusu kuchora mapambo madogomadogo ya kumfurahisha mnunuzi. Jiwe gumu linakunyima mapambo. Linakulazimisha ufikirie umbo zima kabla ya kuinua nyundo.

Kuhusu umbo, alikuwa na msimamo. Aliwaelekeza wanafunzi wasikimbizane na mfanano wa Kizungu, ule wa kupima mwili wa mtu na kuuhamisha kwenye jiwe kama ulivyo. Kichwa kiwe kikubwa, mikono na miguu iwe imekunjwa, mtu awe ametulia akikutazama uso kwa uso.

Mtu anaweza kuhofu kwamba maelekezo ya namna hiyo huzaa nakala. Dawa ya hofu hiyo ni kutazama kazi za ndugu watatu wa ukoo wa Takawira, wapwa zake. Nitawaeleza katika jibu linalofuata. Mwalimu wao ni mmoja, jiwe ni moja, damu ni moja, na bado huhitaji kusoma saini kujua nani kachonga ipi. Sijui kipimo kizuri zaidi cha mwalimu.

Wanafunzi wake mashuhuri ni akina nani?

John Takawira (1938–1989) ndiye wa kwanza kutajwa, na kwa haki. Alifanya kazi kwa ukubwa ambao wengine waliuogopa. Aliacha sehemu pana za jiwe bila kuguswa, na ganda la nje likageuka nywele, vazi au mwamba ambamo sura inachungulia. Viumbe vyake vingi viko njiani, nusu mtu nusu kitu kingine. Ukisimama mbele ya kazi yake nzuri unahisi jiwe halijamaliza kusema.

Mdogo wake Bernard (1948–1997) ni mtulivu zaidi: nyuso zilizoinama, watu wanaowaza. Wa tatu, Lazarus, aliwachonga wanawake, karibu maisha yake yote, na alisema wazi kwamba mama yao ndiye chanzo.

Bernard Manyandure naye alianzia kwenye kundi la Nyanga.

Kisha kuna Crispen Chakanyuka, ambaye jina lake halivumi kama la kina Takawira lakini alifanya jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya. Alichukua alichojifunza Nyanga akakipeleka Guruve, upande mwingine kabisa wa nchi.

Guruve ilitokea nini?

Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru bila idhini ya Uingereza, na vikwazo vya kiuchumi vikafuata. Tumbaku, zao lililowatajirisha walowezi, likakosa wanunuzi. Mmoja wa walioathirika alikuwa Tom Blomefield, mkulima wa Tengenenge, Guruve. Alikuwa na vibarua wengi na zao lisilouzika. Mwaka 1966 Chakanyuka alifika shambani, na ikafahamika kwamba pale kulikuwa na hazina ya serpentini, jiwe gumu linalofaa kuchongwa. Blomefield akageuza shamba kuwa kijiji cha wachongaji. Vibarua waliokuwa wakikata tumbaku wakaanza kukata mawe.

Kutoka hapo walitokea Bernard Matemera na viumbe vyake vinene vya kuchekesha na kutisha, Henry Munyaradzi aliyepunguza uso wa mtu mpaka ukabaki mistari michache, Fanizani Akuda na watu wake wenye macho ya kucheka, Josia Manzi, na wengine wengi.

Mariga hakuanzisha Tengenenge. Lakini cheche ilitoka kwa mwanafunzi wake. Ndiyo maana nasema zifuatwe nyuzi.

Wachongaji hawa wote ni Washona?

Hapana, ingawa maonyesho mengi ya nje yaliuza kazi zao kwa jina hilo. Mariga na kina Takawira ni Washona. Tengenenge, kwa kuwa ilijaa vibarua wa mashamba, ilikuwa na watu kutoka Malawi, Zambia, Msumbiji na Angola. Akuda alizaliwa Zambia. Kulikuwa na Wayao waliokuja na kumbukumbu za vinyago vya ngoma za kwao. Jina la kabila moja liliwafaa waandaaji wa maonyesho ya Ulaya, wanunuzi wakipenda kusikia habari za ukoo na mizimu, lakini liliwafuta watu hao. Siku hizi wengi wanasema tu uchongaji wa mawe wa Zimbabwe.

Ni kweli kwamba mchongaji hutoa roho iliyomo ndani ya jiwe?

Wapo wachongaji wanaosema hivyo kwa dhati, na imani ya Washona kuhusu wahenga waliokufa ina nafasi kubwa katika mada za sanamu: mganga, pepo, mtu anayegeuka mnyama, ndoto. Sidharau hilo. Lakini maneno hayo pia yaliuza sana, na McEwen aliyapenda mno. Mchongaji akiulizwa na mgeni mwenye pochi, ana sababu ya kujibu kile mgeni alichokuja kusikia.

Wakiwa wao kwa wao, wachongaji huzungumza zaidi kuhusu nyufa. Jiwe hugongwa kwanza kwa nyundo na kusikilizwa. Zima hulia kwa sauti kali kama chuma, lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Ufa usioonekana unaweza kula kazi ya miezi kwa pigo moja. Kisha huja umbo: jiwe refu lenye bega upande mmoja limeshakupendekezea nusu ya kazi. Kusema jiwe linamwongoza mchongaji ni kweli kabisa kwa maana hii ya kifundi, bila kuhitaji maelezo ya kimiujiza.

Mawe yanayotumika ni yapi, na hutoka wapi?

Mengi yanahusiana na Great Dyke, mwamba mrefu wa takriban kilomita 550 unaoipasua Zimbabwe kutoka kaskazini kwenda kusini, wenye umri wa miaka karibu bilioni 2.5. Humo kuna serpentini ya kila rangi: nyeusi, kijani, kahawia, hata ya manjano. Inayopendwa zaidi ni springistoni, serpentini ngumu na nyeusi yenye ganda la rangi ya kutu, ileile ambayo John Takawira alijua kuitumia kwa ganda lake. Kuna pia vedaiti ya kijani kibichi, inayokaribia vito.

Na kuna lepidolaiti, ya zambarau, yenye magamba madogo yanayometameta na lithiamu ndani yake. Mariga alikuwa miongoni mwa wachache walioipenda. Haikubali kuchongwa kwa urahisi na haing'ari kama springistoni, kwa hiyo kuichagua ni kukataa njia fupi ya kumvutia mnunuzi.

Hatua za kuchonga ni zipi?

Kwa ufupi: jiwe huchimbwa kwa mitalimbo na nguvu za mikono, likapunguzwa kwa nyundo nzito na tindo yenye ncha, likapewa umbo kwa tindo bapa na ya meno, likalainishwa kwa tupa, kisha msasa. Msasa hutumika na maji, kuanzia ule wa chembe kubwa hadi ule ambao ukiugusa unadhani ni karatasi ya kawaida. Hatua hii ndiyo ndefu na ndiyo inayochosha. Kwa wengi ndiyo kazi ya kwanza ya mwanafunzi.

Mwishoni jiwe hupashwa moto, kwa kuni au kwa tochi ya gesi, na nta hupakwa likiwa bado la moto. Nta huzama na rangi halisi ya jiwe hutokea. Kabla ya hapo serpentini nyeusi ni kijivu tu. Watu wengi hudhani sehemu nyeusi na sehemu ya kijivu kwenye sanamu moja ni mawe mawili yaliyoungwa, kumbe ni jiwe lilelile, upande mmoja umepewa msasa, moto na nta, upande mwingine umeachwa na alama za tindo.

Je, vumbi lake lina madhara?

Ndiyo, na swali hili halipati uzito wake. Katika jamii ya madini ya serpentini kuna krisotili, ambayo ni asbesto, na Zimbabwe ilichimba asbesto kibiashara kwa miongo mingi Zvishavane na Mashava. Si kila jiwe la kuchonga lina nyuzi hizo, lakini kwa kulitazama tu huwezi kujua. Jiwe la sabuni nalo si salama kwa sababu tu ni laini. Laini ndiyo yenye vumbi jingi. Anayejifunza achonge nje, asimame upande upepo unakotoka, alowanishe jiwe anapopiga msasa, na avae barakoa ya kuchuja vumbi, si kitambaa cha kufunga puani. Mashine za kukatia zilizoenea siku hizi zimezidisha tatizo, kwa kuwa zinatoa kwa dakika moja vumbi ambalo tindo ingetoa kwa saa nzima.

Kabla ya karne ya 20, watu wa eneo hilo hawakuchonga mawe?

Walichonga, na kwa ustadi. Kwenye magofu ya Great Zimbabwe walipatikana ndege wanane wa jiwe la sabuni waliokaa juu ya nguzo za jiwe hilohilo. Mji ule ulistawi takriban kati ya karne ya 11 na ya 15. Wakoloni waliwabeba, Afrika Kusini ilirudisha kadhaa mwaka 1981, na kipande cha ndege mmoja kilichokuwa Ujerumani kikarudi mwaka 2003. Ndege huyo yuko kwenye bendera ya taifa tangu 1980.

Lakini hakuna mnyororo wa mafundi unaojulikana kutoka kwa wachonga ndege wale hadi Mariga. Karne kadhaa zimekaa kati yao. Wanasiasa na wauza sanaa hupenda kuunganisha ncha hizo mbili. Mimi ningeziacha zilivyo. Mariga alitoka kwa baba mchonga mbao na mama mfinyanzi, na hilo linatosha.

Ana uhusiano wowote na wachongaji wa Kimakonde?

Hakuna wa moja kwa moja. Wamakonde wa Tanzania na Msumbiji huchonga mpingo, na mitindo yao mipya ya kuuza, kama ile ya mashetani, ilikua katika miaka ileile ya 1950 na 1960. Kinachofanana ni mazingira: ufundi wa wenyeji ukakutana na mnunuzi mgeni, na ubishi ukaanza juu ya nini ni sanaa na nini ni biashara.

Wanawake walikuwa na nafasi gani?

Ndogo mwanzoni. Kwa muda mrefu mke wa mchongaji alipiga msasa na kupaka nta, na jina lililowekwa chini ya sanamu likawa la mume. Hali ilianza kubadilika wazi miaka ya 1980. Agnes Nyanhongo, binti wa yule Claud wa Nyanga, alijenga jina kwa sanamu nzito za wanawake. Colleen Madamombe (1964–2009) alichonga wanawake wenye miili mikubwa wanaocheka, wajawazito, walioshika viuno, nguo zao zikiwa za jiwe gumu lisilong'arishwa na nyuso zikiwa nyeusi za kung'aa. Ni kazi zenye ucheshi ambao wanaume wa kizazi cha kwanza walikuwa nao kwa uchache.

Nawezaje kutambua sanamu niliyonayo kama ni ya Mariga?

Kwa maelezo ya mtandaoni, huwezi. Saini peke yake si ushahidi, kwa kuwa kuchonga herufi sita kwenye jiwe ni kazi nyepesi kuliko kuchonga sanamu. Kinachosaidia ni karatasi za ununuzi, jina la jumba lililouza, na picha za zamani. Mtu akikuuzia "Mariga" barabarani, furahia sanamu kama ilivyo na ulipe bei ya sanamu hiyo, usilipie jina.

Kazi zake zinaonekana wapi?

Mahali pa kwanza ni National Gallery of Zimbabwe, Harare, lilelile jumba la McEwen, lililobadilishwa jina baada ya uhuru. Liko kwenye Barabara ya Julius Nyerere, kando ya bustani za katikati ya jiji. Kazi za kudumu hazitolewi zote kwa wakati mmoja, kwa hiyo anayekwenda kwa ajili ya Mariga aulize mapokezi kabla ya kulipa kiingilio.

Anayetaka kuona alichokiacha kwa upana zaidi aende Tengenenge, barabara ya Guruve. Sanamu zimesimama nje, kwenye nyasi na chini ya miti, za mabingwa na za wanaojifunza zikiwa zimechanganyika, na wachongaji wenyewe wako hapohapo wakipiga tindo.